Epson Perfection V600 na msako wa picha za majumba ya gemu ya mjini Unguja

Anayesaka picha ya jumba la gemu la utotoni mwake hukosea tangu hatua ya kwanza: anatafuta picha ya jumba la gemu. Picha hiyo mara nyingi haikupigwa. Miaka ya themanini na tisini mkanda wa fremu 36 ulikuwa mali, kuusafisha ni gharama nyingine, na mzazi hakuwa tayari kumaliza fremu kwa kabati la mbao lenye televisheni ndani yake. Kilichopigwa ni watoto na nguo zao mpya za Idd, harusi, babu aliyerudi Hija, wageni waliokuja likizo kutoka Maskati. Jumba la gemu limo humo humo, pembeni: nusu ya mlango, kipande cha bango la juu ya mashine, mwanga wa buluu wa skrini juu ya shavu la mtoto asiyehusika na picha.

Kwa hiyo skana inayofaa kazi hii ni ile inayoonyesha fremu mpaka ukingo wake wa mwisho, na inayokubali picha zilizoharibiwa na unyevu wa kisiwani. Epson Perfection V600 inapimwa hapa kwa vipimo hivyo viwili, si kwa namba zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Kwanza, kwa nini negativu na si picha ya karatasi. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, yaani urefu ni mara moja na nusu ya upana. Karatasi ya sentimita 9 kwa 13 haina uwiano huo, kwa hiyo mashine ya kusafishia hukata kama asilimia 4 ya urefu wa fremu. Ya 13 kwa 18 hukata karibu asilimia 8. Picha kubwa ya ukutani, 20 kwa 25, hupoteza sehemu moja katika sita. Juu ya hapo mashine huikuza picha kidogo ili karatasi isibaki na mstari mweupe, na pande zote nne zikapunguka tena. Kinachokatwa ni pembeni, na pembeni ndiko ulikokuwa mlango wa jumba la gemu. Aliyetazama albamu ya mtu mara mia akasema hamna kitu, hajaitazama picha yenyewe.

Sababu ya pili ni mwanga. Fundi wa kusafisha picha alipima mwanga kwa uso wa mtoto, kwa hiyo skrini iliyokuwa nyuma yake ikatoka nyeupe tupu. Negativu ya rangi huvumilia sana mwanga uliozidi, na pale ambapo karatasi imeungua, negativu bado inashikilia umbo la kilichokuwa kinachezwa. Flashi ikiwa imepiga kioo uso kwa uso basi hapo hamna cha kuokoa, lakini ikiwa imepiga kwa upande, tumaini lipo.

V600 ilitoka mwaka 2009. Ni skana ya mezani yenye kioo cha saizi ya A4, uzito wake kama kilo 4, na kwenye kifuniko chake ina taa ya pili ya kumulika filamu kutoka juu. Taa zake ni LED, hazihitaji kupashwa moto. Kishikio cha filamu kinachokuja nayo kinabeba vipande viwili vya fremu sita sita, kwa hiyo mkanda wa 36 uliokatwa kama kawaida unakwisha kwa kupandisha mara tatu. Inakubali pia slaidi na filamu pana ya 120. Filamu ndogo ya 110, iliyotumika kwenye kamera bapa za watoto, haina kishikio chake. Fremu yake ni milimita 13 kwa 17 tu, na lazima ukate kishikio cha kadibodi nyeusi kwa mkono.

Kazi huharibika mwanzoni kabisa. Chini ya kifuniko pana bapa jeupe la kuskania karatasi, na lisipotolewa taa ya juu haifiki kwenye filamu, skana inatoa giza, na mtu anadhani mashine ni mbovu. Litoe. Filamu iwekwe upande unaong'aa ukitazama chini kwenye kioo, na ukitazama kwa juu, maandishi ya ukingoni yaonekane kinyume. Ukikosea hapa picha itageuka kushoto kulia, na kwa msako huu hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana: mlango wa upande wa pili wa njia utahamia upande usio wake, na wazee watakaooneshwa picha watakuambia si hapo. Sehemu tupu ya juu ya kishikio isiguswe wala isizibwe, kwani ndipo skana inapojipima mwanga. Chembe moja ya vumbi pale huzaa mstari mrefu kwenye kila fremu.

Halafu inakuja dosari kubwa ya V600, nayo imo kwenye programu yake. Ukiacha Epson Scan ijiamulie, huonyesha vijipicha na kukata fremu kwa kukisia. Hukata ndani ya picha, hasa kama pembeni pana giza, na ndani ya jumba la gemu pembeni ni giza siku zote. Yaani mashine inarudia kosa lile lile la karatasi. Dawa yake: nenda Professional Mode, chagua filamu ya negativu ya rangi, ondoa tiki ya Thumbnail, bonyeza Preview, kisha chora mwenyewe boksi kuzunguka kila fremu mpaka uone ukingo wake. Mpaka mweusi ukiingia ndani ya boksi, kipimo cha mwanga kinayumba na picha inapauka. Ili usipate tabu hiyo, fungua Configuration, sehemu ya rangi, na uzime kile kipimo cha mwanga kinachojirudia chenyewe kila boksi linapobadilika. Pima mwanga na boksi likiwa ndani ya picha, kisha lipanue hadi ukingoni. VueScan na SilverFast, programu za kununua, nazo hukuruhusu kuchora boksi mwenyewe, lakini kwa mwenye mikanda michache si lazima.

Boksi la V600 linatangaza nukta 6,400 kwa inchi. Usizitumie. Majaribio ya wapimaji yameonyesha uwezo wake halisi kwenye filamu ni kama nukta 1,600. Zaidi ya hapo unapata faili kubwa lenye ukungu ule ule. Nukta 2,400 zinatosha kwa mkanda mzima, na fremu iliyoonyesha dalili irudiwe kwa 3,200.

Hesabu ifuatayo inaonyesha 1,600 zinafika wapi. Chukua herufi ya bango yenye urefu wa sentimita 5, iliyopigwa kutoka mita 4 kwa kamera ndogo ya kawaida yenye lenzi ya milimita 35. Kwenye negativu herufi hiyo inakaa na urefu wa milimita 0.44, na V600 itaipa nukta 27 hivi kwenda juu. Inasomeka bila shida. Mpiga picha akiwa mita 8, nukta zinabaki 13 au 14, na hapo unasoma kwa kubahatisha: O na Q zinafanana, S inakuwa 8. Fremu ya namna hiyo ipelekwe kwa mpiga picha mwenye kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya makro, aipige picha negativu ikiwa juu ya ubao wa taa. Kamera hiyo hutoa zaidi ya nukta 4,000 kwa inchi. Hapa V600 imezidiwa kabisa. Lakini huwezi kumpelekea mpiga picha mikanda arobaini ili akutafutie fremu moja. Kazi ya V600 ni kupepeta, na kwa kupepeta haina mfano wake kwa daraja lake.

Weka rangi kwenye 48-bit na uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyominya picha, si JPEG. Ile skrini iliyoungua imejificha kwenye mwisho wa ngazi za mwanga, na JPEG inautupa mwisho huo. Faili moja ya nukta 2,400 itakuwa kama megabaiti 46, mkanda wa 36 ni gigabaiti 1.7 hivi, na flashi ya gigabaiti 32 itabeba mikanda 18 au 19. Tengeneza nakala ya JPEG kwa ajili ya kuwaonesha watu. Ukiituma WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha itaminywa, na kilichominywa kwanza ni yale maandishi madogo uliyoyahangaikia.

Digital ICE, taa ya infraredi inayotambua vumbi na mikwaruzo, ni nguvu ya kweli ya mashine hii. Kwenye filamu ya rangi ya kawaida huondoa madoa bila kugusa picha, ila inakula muda: tarajia dakika mbili au zaidi kwa fremu, yaani zaidi ya saa nzima kwa mkanda. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe izime, kwa sababu chembe za fedha huzuia infraredi, skana ikadhani picha yote ni uchafu na kuipaka matope. Kwa msako wa kwanza zima ICE kabisa, uende haraka, uiwashe kwa fremu zenye dalili tu. Color Restoration, chaguo la programu la kurudisha rangi, isaidie picha za karatasi zilizogeuka nyekundu, na hakuna zaidi.

Sasa unyevu, maana hapa ndipo hukumu inapotolewa Unguja na Pemba. Negativu zilizokaa miaka thelathini kwenye mkebe wa biskuti huota koga. Inaonekana kama utando wa buibui au matawi madogo ukiielekeza dirishani. Usiioshe kwa maji hata kidogo: koga ikishakula jelatini ya filamu, jelatini hiyo inayeyuka kwenye maji na picha inakwenda nayo. Pamba laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa upande unaong'aa tu, ndiyo njia. Upande wa picha uache kama ulivyo na uskani. Negativu zilizogandana zisivutwe. Fungua mikebe siku kavu za kaskazi au kusi, si katikati ya masika wakati kila kitu ndani ya nyumba kimelowa.

Picha za karatasi nazo hugandana na kioo cha fremu ya ukutani. Kuibandua ni kuichana. Hapa V600 inastahili sifa ambayo wengi hawaijui: ni skana ya CCD, yenye lenzi na vioo ndani yake, inaona vizuri hata kitu kilicho juu ya kioo kwa milimita mbili tatu. Toa ubao wa nyuma, futa kioo cha fremu, kilaze juu ya skana pamoja na picha yake, na uskani kwa nukta 600. Picha ya 10 kwa 15 itakupa kama nukta 2,400 kwa 3,600. Skana za bei nafuu zilizomo ndani ya printa za ofisini nyingi ni za CIS, ambazo kihisio chake kiko karibu kabisa na kioo, na zinatia ukungu mara tu karatasi inaponyanyuka kidogo. Hizo kwa kazi hii hazifai. Kwa mwenye simu peke yake, PhotoScan ya Google ni ya bure na hupiga mara tano ili kufuta mwako wa kioo. Inafaa ukiwa barazani kwa watu na mwenye picha hataki itoke nyumbani. Nayo hukata pembeni yenyewe, kwa hiyo rekebisha kona zake nne kwa kidole kabla ya kuhifadhi.

Albamu za gundi, zile zenye karatasi ya plastiki juu, zimeshika picha kama saruji. Nyanyua plastiki, skani ukurasa mzima bila kutoa kitu, na kama lazima utoe, pitisha uzi wa meno chini ya picha polepole kutoka kona moja. Nyuma ya picha panaweza kuwa na tarehe kwa kalamu. Tarehe ya machungwa iliyopigwa na kamera yenyewe isiaminiwe peke yake, maana betri ikitolewa saa inarudi mwanzo.

Mkanda upi uanze nao? Idd, bila kusita. Watoto wa mjini walipewa pesa za skukuu, wakaenda Mnazi Mmoja, na pesa hizo ndizo zilizoishia kwenye mashine. Pemba ulizia picha za skukuu za Tibirinzi. Halafu picha za nje ya sinema, Majestic ya Vuga na Cine Afrique, kwani palipokuwa na foleni ya sinema palikuwa na kila biashara ya vijana. Halafu Forodhani: bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2009, na ukiilinganisha sakafu na kuta zake utajua picha ni ya kabla au ya baada. Ukimuuliza mzee, usitaje gemu. Mwambie: "Shikamoo bibi, nakuomba zile negativu za skukuu, walipokuwa wadogo kina kaka." Neno gemu litamfanya ajibu hanazo, na atakuwa amesema kweli kama anavyoelewa yeye.

Taasisi ya Nyaraka ya Kilimani inafaa kwa barabara na majengo. Omba picha za mtaa na sherehe zilizofanyika hapo, upate sura ya jengo lenyewe. Studio za zamani, kama Capital Art ya Barabara ya Kenyatta iliyoanzishwa 1930 na Ranchhod Oza, zinajulikana zaidi kwa picha za watu na za mji. Huko pia swali liwe la mtaa na mwaka.

Ukipata fremu yenye dalili, skani jirani zake. Namba za ukingoni, 13, 13A, 14, 14A, zinakupa mpangilio wa siku ile. Kama fremu ya 14 ina kona ya kabati, ya 13 na ya 15 zilipigwa hatua chache tu kutoka hapo. Ndiyo maana kuskani picha "nzuri" pekee ni kujinyima.

Kutambua mashine kuna mtego wake. Bango la juu linataja gemu ambalo kabati liliuzwa nalo, siyo lazima lile lililokuwa likichezwa. Tangu 1985 watengenezaji wengi walifuata mfumo wa waya wa JAMMA, na fundi aliweza kuchomoa bodi moja na kupachika nyingine huku bango la zamani likibaki. Tazama mikono ya watoto. Kabati lenye kijiti bila kitufe cha kupigia linaelekea kwenye enzi za Pac-Man, ya 1980. Vitufe sita kwa kila mchezaji, vitatu juu na vitatu chini, mara nyingi ni athari ya Street Fighter II ya 1991. Skrini yenye mkanda mweusi uliolala katikati si mbovu. Televisheni hizo huchora picha mstari kwa mstari, mara 50 au 60 kwa sekunde, na kamera imefunga jicho kabla mchoro haujamalizika. Mkanda huo ni ushahidi kwamba mashine ilikuwa imewaka.

Na kama ndani mna televisheni za kawaida juu ya meza na viboksi vya kijivu vyenye mfuniko wa duara, hilo si jumba la mashine za sarafu, ni kibanda cha PlayStation, ambayo Japani kwenyewe ilitoka Disemba 1994. Kumbukumbu za watu huviunganisha viwili hivi. Picha huvitenga.

Ukutani na mlangoni tazama namba za simu. Namba fupi ya tarakimu tano, au yenye 054 mbele, ni ya miaka ya tisini au nyuma zaidi. Yenye 024 na tarakimu saba ni ya baadaye. Inayoanza na 0747 ni ya Zantel, kampuni iliyoanza 1999, kabla namba hizo hazijageuka 0777. Bei ya shilingi 200 kwa sarafu moja haiwezi kutangulia 1998, ilipoanza sarafu yenye sura ya Mzee Karume.

Kununua V600 ni haki kwa familia au kikundi chenye mikanda kumi na zaidi. Chini ya hapo azima, au mlipe mwenye nayo, ila msimamie azime Thumbnail na akupe TIFF. Kabla ya kulipia soma kibandiko cha adapta: iliyoagizwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake, na umeme wetu wa 230 utaichoma. Omba uone kishikio cha filamu kwa macho, kwa sababu mashine kuukuu nyingi huuzwa bila hicho. Kiangalie kioo kwa tochi ya upande: utando wa ndani, chini ya kioo, ni dalili ya hewa chafu au koga iliyoingia, na kukifungua ni kazi ya fundi. Ikimaliza kazi ifunike, uiweke kwenye kasha lenye gramu 200 hivi za silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu, na usiiache karibu na dirisha linaloelekea baharini.

Negativu zirudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha za karatasi, si za plastiki, zikiwa zimeandikwa mkanda na mwaka kwa penseli, pamoja na flashi yenye nakala zake. Majina ya faili yawe ya kufuatana, kama 1993_idd_mnazimmoja_m02_f14. Zile fremu zisizotambulika, ukuta tu, sakafu ya vigae, kona ya mlango wa buluu, zisifutwe. Mkanda wa familia nyingine utakapokuja na vigae vile vile na mtoto amesimama mbele ya mashine, ndizo zitakazosema ni wapi.